Kabla hujanunua kifaa, uliza kitatengenezwa na nani

Kifaa kipya kikiletwa kijijini, swali la kwanza huwa bei. Swali la pili huja baadaye, siku kinapogoma: nani atakitengeneza, na spea zitatoka wapi? Kwa msikilizaji aliyepo Galula, swali hilo lina gharama yake. Spea isipopatikana kijijini, kuna nauli ya kwenda Mkwajuni. Ikikosekana huko, kuna nauli nyingine ya Vwawa au Tunduma. Muda wote huo kifaa kimelala, na kazi kiliyokuwa kinaifanya imerudi kwenye mikono na kichwa cha mtu, mara nyingi mama au mtoto.

Makala hii inaeleza vifaa vinne vya kawaida: jiko, pampu ya kisima, kibuyu chirizi na mfuko wa kuhifadhi nafaka. Tutaona vilivyobuniwa, kwa nini vingine vimedumu na kwa nini kimoja, kilichosifiwa dunia nzima, kilishindwa. Mwishoni kuna maswali ya kujiuliza kabla hujatoa pesa.

Usanifu wa bidhaa ni nini?

Kila kifaa unachokishika, kuanzia jembe hadi simu, kuna mtu aliyeamua kiwe na umbo gani, kitengenezwe kwa kitu gani, kiwe na uzito gani na kifunguliwe vipi. Kazi hiyo ya kuamua ndiyo usanifu wa bidhaa. Mhandisi wa kiwandani anaifanya, na fundi bati wa mtaani anayekunja bati kupata jiko anaifanya pia.

Siku hizi vifaa vingi vinatangazwa kuwa ni "endelevu". Kwa lugha ya nyumbani, kifaa endelevu ni kile kinachopunguza matumizi ya kuni, maji au pesa, kinachodumu, kinachotengenezeka kikiharibika, na ambacho kikichoka hakiachi taka za kusumbua. Kifaa kinaweza kupunguza kuni na bado kisiwe endelevu, kama kinakufa baada ya msimu mmoja na hakuna fundi wa kukifufua.

Jiko la mkaa lenye udongo ndani

Jiko la mkaa la bati tupu ni rahisi kulitengeneza na bei yake ni ndogo. Tatizo lake ni kwamba bati linapitisha joto upesi. Sehemu kubwa ya joto la mkaa inatoka ubavuni na kwenda hewani badala ya kwenda kwenye sufuria. Bati lenyewe linaungua haraka, na mtoto akiligusa anaungua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi nchini Kenya walitafuta dawa ya tatizo hilo. Walichukua wazo kutoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko lenye umbo la ndoo, nje bati na ndani udongo uliochomwa. Udongo haupitishi joto upesi kama bati, kwa hiyo joto linabaki kwenye mkaa na kupanda juu kwenye sufuria.

Jiko la kwanza halikwenda vizuri. Udongo ulijaa kuanzia juu hadi chini, jiko likawa zito, na udongo ukawa unapasuka. Wabunifu walirudi kwa wapishi na mafundi, wakabadilisha umbo. Jiko likabanwa katikati, juu pana na chini pana, na udongo ukawekwa nusu ya juu tu, pale mkaa unapokaa. Chini pakabaki bati tupu kwa ajili ya majivu na mlango wa hewa. Likawa jepesi, halipinduki mtu anaposonga ugali, na udongo ukapungua kupasuka.

Jiko hilo linatumia mkaa pungufu kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu, ikilinganishwa na jiko la bati tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, lilikuwa limeingia katika zaidi ya nusu ya kaya za mijini nchini Kenya, na majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika. Hapa Tanzania, majiko ya aina hiyo yalianza kuenezwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la jiko bora.

Kwa nini lilienea hivyo? Sababu kubwa ni kwamba halikuhitaji kiwanda. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, waliokuwa wakitengeneza jiko la zamani ndio hao hao waliotengeneza jipya, kwa nyundo na mikasi ileile. Wafinyanzi walitengeneza sehemu ya udongo, fundi bati akatengeneza ganda, na muuzaji akaunganisha. Udongo ukipasuka, unanunua udongo mpya na kuurudisha kwenye bati lako.

Uhuru huo ulikuwa na ubaya wake. Kwa kuwa kila mtu aliweza kuliiga, wengine walitengeneza udongo usiochomwa vizuri, unaomeguka baada ya wiki chache. Unaponunua, gonga udongo kwa kidole. Uliochomwa vizuri unalia kama chungu kizima. Wenye ufa unatoa sauti iliyokufa.

Na tuseme wazi kuhusu afya. Jiko hili linapunguza mkaa, lakini bado ni jiko la mkaa. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua. Usiuwashe kwenye chumba kilichofungwa, na usilale nao ndani usiku wa baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi kufikia 2034. Kwa kaya ambayo bado haijafika huko, jiko linalokula mkaa kidogo ni hatua ya njiani.

Kwa wanaopikia kuni, kanuni ni hiyo hiyo. Jiko banifu la udongo linazungushia moto ukuta ili joto lisipotee kama kwenye mafiga matatu, nalo linaweza kujengwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Likipata ufa, mwenye nyumba anaziba mwenyewe kwa udongo uleule.

Pampu mbili za maji, hadithi mbili

Miaka ya 1970 na 1980 visima vingi vya pampu za mkono vilichimbwa Afrika. Pampu nyingi zilikuwa imara, lakini mabomba yake yalikuwa ya chuma kizito. Kubadilisha hata mpira mdogo wa chini kulihitaji kuvuta mabomba yote kutoka kisimani, na kazi hiyo ilisubiri gari la mafundi na vifaa maalumu kutoka mjini. Gari lisipofika, kijiji kilirudi mtoni.

Katika muongo wa maji wa Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990, wahandisi walianza upya. Kazi ilianzia kwa jirani zetu Malawi, ikaendelezwa Kwale, pwani ya Kenya. Walijiwekea sharti moja: pampu iweze kutengenezwa na wanakijiji wenyewe. Matokeo yake ni pampu inayoitwa Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo.

Ukiifungua utaona jinsi sharti hilo lilivyoongoza kila uamuzi. Bomba la kupandishia maji ni la plastiki, halishiki kutu. Pistoni na vali ya chini vinavutwa kupitia ndani ya bomba hilo, bila kung'oa bomba lenyewe. Sehemu zinazosuguana ni za plastiki na bei yake ni ndogo, ili zichakae hizo kwanza na kubadilishwa kabla chuma hakijaharibika. Kazi za kawaida zinahitaji spana moja tu, pamoja na kifaa cha kuvulia vali. Kule Kwale wanawake walifundishwa kuitunza, na wakaitunza. Michoro yake haimilikiwi na kampuni moja, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza kwa vipimo hivyo hivyo.

Hadithi ya pili inatoka Afrika Kusini. Huko ilibuniwa pampu iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka ya watoto, ikaitwa PlayPump. Watoto wanacheza, bembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi, na mabango ya matangazo kwenye tangi yanalipia matengenezo. Picha zake zilipendeza, na viongozi na wafadhili wakaipenda. Mwaka 2006 nchini Marekani ilitangazwa michango ya dola milioni 16.4 kwa ajili yake, na lengo likawa pampu 4,000 kufikia 2010. Nyingine zilifungwa kwa majirani zetu, Zambia na Malawi, na pia Msumbiji.

Vijijini mambo yalikuwa tofauti na picha. Watoto hawachezi saa zile mama anapohitaji maji, alfajiri na jioni. Wakiwa shuleni, au wamechoka, kina mama wenyewe walilazimika kuinama na kuzungusha bembea, kazi ngumu na ya aibu kwa mtu mzima. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu na kuona kwamba ili pampu moja ihudumie watu 2,500 kama ilivyoahidiwa, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kila siku. Siku ina saa 24.

Bei yake ilikuwa karibu dola 14,000, kiasi cha mara nne ya pampu ya mkono ya kawaida. Sehemu nyingine pampu ya mkono iliyokuwa inafanya kazi iling'olewa ili bembea ikae mahali pake. Ilipoharibika, fundi wa kijiji hakuwa na spea wala ujuzi wake, na mabango mengi hayakupata matangazo ya kulipia. Kufikia 2010 mradi ule mkubwa ulikuwa umesimama.

Afridev nayo ina udhaifu wake. Spana moja haisaidii kama kijiji hakina akiba ya mipira na vali, wala pesa za kununulia. Pampu nyingi zilizokufa hapa nchini hazikufa kwa usanifu mbaya, zilikufa kwa kukosa spea ya bei ndogo. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na kila skimu inatakiwa kuwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii. Mwanakijiji ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa chombo hicho: akiba ni shilingi ngapi, na spea gani ziko stoo?

Kibuyu chirizi: kifaa unachojitengenezea

Kibuyu chirizi kinajulikana shuleni na pembeni ya vyoo vingi vijijini. Wazo lake lilisambaa kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1980, ambako Dk. Jim Watt alitumia kibuyu halisi, kilichoning'inizwa ili kikiinamishwa kimwage maji kidogo tu. Leo tunatumia dumu la plastiki, lakini jina la kibuyu limebaki.

Ubunifu wake uko kwenye vitu viwili. Maji yanayotoka ni kidogo kila mara, kwa hiyo dumu moja linanawisha watu wengi. Na linainamishwa kwa mguu, kwa hiyo mtu aliyetoka chooni hashiki kitu kwa mkono mchafu.

Kukitengeneza unahitaji dumu la lita 5 lenye mkono, miti miwili yenye panda, fito mbili, kamba, msumari na kipande cha sabuni.

Kwanza, pasha msumari moto na utoboe tundu dogo ubavuni mwa dumu, upande ulio mbali na mkono, kidogo chini ya kifuniko. Pili, simika miti miwili na upitishe ufito mmoja kwenye mkono wa dumu, uukalishe juu ya panda. Tatu, funga kamba kwenye shingo ya dumu, na mwisho wake uufunge kwenye ufito wa pili ulioko chini, ambao ncha moja inagusa ardhi na nyingine imeinuka. Nne, jaza maji hadi chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga ufito wa chini, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi. Ning'iniza sabuni pembeni kwa kamba na uifunike na kopo ili mvua isiiyeyushe. Weka kokoto chini pasigeuke tope.

Kifaa hiki kinaharibika mara kwa mara. Kamba inakatika, mchwa wanakula miti. Lakini kila kinachoharibika kinapatikana hapo hapo bila nauli. Kinachokiua hasa ni kukosa mtu wa kujaza maji. Kabla ya kukijenga, kubalianeni ni zamu ya nani.

Mfuko unaomnyima mdudu hewa

Mkulima wa bonde la Rukwa anajua hesabu hii: mahindi yanavunwa bei ikiwa chini, na miezi michache baadaye, kuelekea Januari na Februari, bei inapanda. Anayeweza kusubiri anapata zaidi. Anayeuza kwa kuogopa wadudu mara nyingine anarudi sokoni kununua chakula kilekile kwa bei ya juu.

Mdudu anayeogopwa zaidi ni dumuzi, ambaye watu wengi wanamwita Skania. Aliingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza mkoani Tabora, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Anatoboa mahindi hadi yanabaki unga.

Mifuko isiyopitisha hewa inayoitwa PICS ilianzia kwenye utafiti uliofanyika Cameroon miaka ya 1980, ukiongozwa na Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, kwa ajili ya wakulima wa kunde. Tangu 2007 ilianza kuenezwa kwa wingi Afrika Magharibi na ya Kati, kisha ikafika huku kwetu.

Mfuko una tabaka tatu: mbili za plastiki nzito ndani, na nje kiroba cha kawaida kinachobeba uzito. Wadudu waliomo ndani wanavuta hewa iliyobaki hadi oksijeni inapungua. Hapo wanaacha kula na kuzaana, kisha wanakufa. Hakuna dawa inayowekwa, kwa hiyo chakula hakina sumu. Plastiki ni mbili ili moja ikitoboka, nyingine ikinge.

Kuna makosa matatu yanayoharibu kazi yake. La kwanza ni kuweka mahindi mabichi. Yataota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Pima hivi: weka mahindi machache na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. La pili ni kufungua mfuko mara kwa mara, maana kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Nafaka ya kula kila wiki iweke kwenye mfuko wake. La tatu ni panya na ncha kali za vipande vya magunzi. Pepeta kwanza, na usiegemeze mfuko ukutani. Ukitunzwa, mfuko mmoja unatumika zaidi ya msimu mmoja. Kila mwaka pima kwa kuujaza hewa na kuubana. Hewa ikitoka, ufanye kiroba cha kazi nyingine.

Piga hesabu ya mwezi

Bei ya dukani haikuambii gharama yote. Tuchukue mfano wa majiko mawili, bei zikiwa za kuelezea tu. Jiko la bati ni shilingi 5,000 na linadumu miezi 6. Jiko lenye udongo ni shilingi 15,000 na linadumu miaka 2. La kwanza linakugharimu kama shilingi 830 kwa mwezi. La pili ni shilingi 625. Bado hatujaingiza mkaa. Kama nyumba inatumia mkaa wa shilingi 30,000 kwa mwezi, kuokoa theluthi moja ni shilingi 10,000. Bei ya jiko la pili imerudi ndani ya mwezi mmoja na nusu.

Tumia hesabu hiyo kwa kifaa chochote, hata taa ya sola. Andika bei, miezi kitakayodumu, na kinachookolewa kila mwezi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

1. Kifaa hiki kinafanya kazi gani ambayo tunaifanya kila siku, na nani anaifanya sasa? Huyo ndiye wa kukijaribu kwanza.

2. Sehemu gani inaharibika mapema, na inauzwa wapi? Muuzaji asipojua, hiyo ni dalili.

3. Kinafunguka kwa spana au bisibisi ya kawaida? Kilichogundishwa kwa gundi hakitengenezeki.

4. Nani hapa kijijini anaweza kukitengeneza leo? Kama hakuna, je, atafundishwa?

5. Kuna nyumba au kijiji jirani kilichokitumia mwaka mzima? Nenda ukaulize, usitosheke na picha.

6. Kama ni msaada, je, kinachofanya kazi sasa kitang'olewa? Kisiondolewe mpaka kipya kijionyeshe.

7. Kikifa kabisa, kitabaki wapi? Betri na plastiki zina gharama yake.

Kwa fundi na mbunifu wa hapa hapa

Kama una kifaa ulichobuni, au unataka kujifunza kutengeneza majiko na mashine ndogo, kuna taasisi za umma za kuanzia. SIDO, iliyoanzishwa 1973, inahudumia viwanda vidogo kupitia ofisi za mikoa, kwa mafunzo, ushauri na mikopo. CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa 1981, inashughulika na zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na inajulikana kwa mitambo ya gesi ya samadi. TBS ndiyo inayothibitisha ubora wa bidhaa inayokwenda sokoni.

Kabla hujafika huko, fanya walichofanya wabunifu wa lile jiko: mpe mpishi mmoja kifaa chako akitumie mwezi mzima, kisha kaa umsikilize. Atakuambia kinapomchoma, kinapoinama na kinapopasuka. Hapo ndipo pa kurekebisha.